Krismasi ya Mtu Mzima: Mwongozo Kamili wa Kuirudishia Ladha Yake Nyumbani

Wengi tuliokulia vijijini katika miaka ya 1980 na 1990 hatukuhitaji kufundishwa namna ya kuifurahia Krismasi, kwa sababu wali wenyewe ulitosha. Katika kaya nyingi za milimani, ambako chakula cha kila siku kilikuwa ndizi, makande na ugali kwa maharage, mchele ulinunuliwa kwa kupimiwa, ukachambuliwa kwenye ungo mbele ya watoto, na harufu yake ilipotoka jikoni kila mtoto alijua kuwa siku imefika. Soda moja iligawanywa kwa watoto wawili, na gauni jipya lilishonwa likiwa na pindo pana ili lishushwe mwaka unaofuata. Leo mtoto yule yule, akiwa na mshahara wake na nyumba aliyopanga Kimara au Tabata, anakula wali kwa mama ntilie siku ya Jumanne, anakunywa soda huku akiangalia simu, na tarehe 25 Desemba inapofika analalamika kwamba Krismasi za siku hizi zimepooza.

Ninavyoona mimi, sikukuu ipo pale pale. Uhaba uliokuwa ukiipa ladha ndio uliopungua. Kwa kuwa hakuna mwenye akili timamu anayeomba uhaba urudi, mtu mzima hana budi kufanya kwa hiari kile ambacho hali ya wazazi wake ilimfanyia kwa lazima, yaani kutenga vitu vichache visivyoguswa mpaka msimu ufike. Hatua zote zinazofuata zinategemea jambo hilo moja. Nimeziandika nikimfikiria zaidi mtu anayebaki Dar es Salaam wakati mabasi ya Moshi, Mbeya na Bukoba yanawabeba wenzake, ingawa anayesafiri naye atapata ya kuchukua.

Hatua ya kwanza: chagua vitu vya kutenga, kabla Oktoba haijaisha

Chukua karatasi uandike chakula kimoja, harufu moja, muziki wa aina moja na chombo kimoja ambavyo vitatumika katika msimu wa Krismasi peke yake. Visizidi hapo, kwa sababu anayetenga vitu kumi hujikuta amevitumia saba kabla ya Novemba kwisha.

Chakula ndicho kigumu kuliko vyote. Pilau, ambayo ndiyo ya kwanza kutajwa, imekuwa chakula cha kila Ijumaa na cha kila harusi, hivyo anayetaka iwe chakula chake cha Krismasi aache kuipika tangu mwanzo wa Novemba na avumilie. Njia rahisi zaidi ni kuchagua chakula cha kwenu ambacho mjini hukipati kirahisi, kama machalari au mtori kwa mtu wa Kilimanjaro, au kuchagua keki ya matunda makavu, ambayo nitaieleza kwa kirefu hapa chini. Kwa upande wa muziki, sisi tuna bahati ya kuwa na kwaya. Weka pembeni nyimbo zote za kuzaliwa Kristo, usizisikilize kwenye daladala wala ofisini, na siku utakapozifungulia utashangaa jinsi wimbo ulioukinai unavyoweza kukusimamisha katikati ya kufagia. Mwenye sauti na nafasi ajiunge na kwaya ya usharika au ya parokia yake mapema, kwa maana mazoezi ya Krismasi huanza wiki nyingi kabla, na sijawahi kukutana na mwanakwaya anayesema kuwa sikukuu ilimpita bila kuhisi kitu.

Kuhusu harufu, watu wa Pwani wana ujuzi wa siku nyingi: udi na chetezo hutolewa kwa mgeni au kwa shughuli, na nyumba nzima ikajulishwa kwa pua kwamba leo si siku ya kawaida. Ukitaka kufuata mfano huo, weka kwenye sufuria ndogo maji, vijiti viwili vya mdalasini, karafuu kama kumi na maganda ya chungwa moja, kisha acha vichemke taratibu kwa nusu saa wakati wa jioni. Utakapohitaji harufu hiyo mwezi Machi, jizuie.

Hatua ya pili: fedha

Hapa nitasema machache. Kibubu cha mbao kinachotiwa shilingi 5,000 kila Jumamosi, kuanzia ya kwanza ya Julai hadi katikati ya Desemba, kina majuma takriban 24, yaani shilingi 120,000, ambazo zinatosha sikukuu ya nyumbani ya watu wachache bila kukopa. Aliye kwenye kikoba kinachovunjwa Desemba atenge sehemu ya mgawo wake siku ile ile anayoupokea. Kabla ya kununua chochote, weka kwanza kando fedha za Januari, za kodi ya nyumba pamoja na ada, sare na madaftari ya watoto au ya wadogo zako wanaokutegemea, kwa sababu utamu wa sikukuu huharibiwa na hesabu zinazopigwa kichwani wakati wageni wanakula.

Hatua ya tatu: nguo, na suala la fundi

Mtu mzima hudharau nguo ya sikukuu akidhani ni ya watoto, kumbe vazi jipya lililosubiriwa ni katika vitu vichache vinavyoweza kumrudisha mtu kwenye hisia za utotoni bila maneno mengi. Nunua kitenge au kitambaa Kariakoo mapema, lakini jambo la muhimu ni kumpelekea fundi kabla ya katikati ya Novemba. Ikifika Desemba, fundi cherehani huwa ameshapokea vitambaa vya mtaa mzima, na neno "kesho" kinywani mwake hupata maana pana sana. Mwaka mmoja nilikaa kwenye benchi la fundi tarehe 24 mpaka saa tatu usiku, nikimshikia tochi ya simu kwa kuwa umeme ulikatika, huku yeye akitia vifungo kwenye shati ambalo mkono wake mmoja ulitoka mrefu kuliko mwingine. Nililivaa hivyo hivyo, nikiwa nimekunja mikono yote miwili.

Hatua ya nne: Majilio, mishumaa na mti

Hii ndiyo hatua inayopuuzwa zaidi na ndiyo inayobeba kazi kubwa, kwa kuwa sikukuu isiyosubiriwa haina namna ya kufika. Kanisa liliweka majuma ya Majilio, yaani majuma ya kuingoja Krismasi, kwa ajili hiyo hiyo. Dominika, yaani Jumapili, ya kwanza ya Majilio ndiyo iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, na huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na tarehe 3 Desemba. Shada la Majilio lenye mishumaa lilianzia Hamburg, Ujerumani, ambako mwaka 1839 mchungaji wa Kilutheri, Johann Hinrich Wichern, alitumia gurudumu la mkokoteni na mishumaa kuwahesabia siku watoto wa kituo alichokiongoza. Baadaye mishumaa ikapunguzwa ikawa minne, mmoja kwa kila Dominika. Wakatoliki hutumia mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi unaowashwa Dominika ya tatu, lakini anayekosa rangi hizo atumie mishumaa myeupe ya dukani na hatapungukiwa na kitu.

Shada lenyewe hutengenezwa kwa saa moja. Kunja waya mgumu uwe duara lenye upana wa sinia, kisha ufunge juu yake vijitawi vya mvinje kwa uzi, ukivilaza vyote upande mmoja ili kila kimoja kifunike shina la kilichotangulia. Mvinje unapatikana kwa wingi ukanda wa Pwani, hukauka bila kupukutika haraka, na ukitundikwa ndani hutoa harufu nyepesi ya ufukweni. Tawi lake kubwa, likisimamishwa kwenye ndoo yenye mchanga na kuvishwa taa ndogo za rangi, ni mti wa Krismasi kamili. Kwa maoni yangu unaushinda ule wa plastiki. Omba ruhusa kwa mwenye mti kabla ya kukata. Maua mekundu ya ule mti wa kivuli ambao wengi wetu huuita mkrismasi, kwa sababu huchanua msimu huu, yanapendeza kwenye bakuli la maji mezani, ila hudumu siku moja au mbili tu.

Joto la Dar es Salaam, ambalo Desemba hufika nyuzi 31 au zaidi, lina mambo yake. Mshumaa mwembamba uliowekwa karibu na dirisha la magharibi hupinda kabla haujawashwa. Mimi niliwahi kurudi kutoka kazini nikakuta yangu yote minne imeinama kama waumini. Tumia mishumaa minene, isimamishe ndani ya glasi zenye mchanga kidogo, na uweke shada mbali na mapazia. Adui wa pili ni feni. Huwezi kuwa na mshumaa unaowaka na feni inayozunguka katika chumba kimoja, hivyo panga nusu saa tu ya mishumaa mara baada ya jua kuzama, ambalo wakati huo wa mwaka huzama kama saa kumi na mbili na nusu jioni. Zima feni, zima taa kubwa, weka simu chumba kingine, soma au zungumza, na nusu saa ikiisha zima mishumaa na uwashe feni kwa moyo mkunjufu. Dominika nne zikipita hivyo, chumba chenyewe kitakuwa kimekuambia kwamba kuna kitu kinakuja.

Hatua ya tano: keki ya mkaa

Nimechagua keki ya matunda kwa sababu inaanza kuandaliwa siku ile ile ya mshumaa wa kwanza na kuliwa Krismasi, hivyo mtu anaisubiri kwa takriban majuma manne. Dominika ya kwanza ya Majilio, changanya gramu 300 za zabibu kavu, gramu 200 za tende zilizotolewa kokwa na kukatwa vipande vidogo, na maganda ya chungwa moja yaliyokwanguliwa. Mimina juu yake maji ya machungwa matatu, au mvinyo mtamu wa Dodoma kwa anayeutumia, funika na uweke kwenye friji, kwa kuwa mezani, katika joto letu, mchanganyiko huo utachacha. Koroga kila siku ya tatu. Anayetumia maji ya machungwa peke yake aanze juma moja tu kabla ya kuoka.

Tarehe 20 au 21, piga gramu 250 za siagi na gramu 200 za sukari kwa mwiko mpaka mchanganyiko ugeuke mweupe na kuwa laini, kazi inayomaliza dakika 15 na nguvu za mkono. Ongeza mayai matano, moja baada ya jingine, ukipiga kila mara. Chekecha gramu 250 za unga wa ngano pamoja na kijiko kimoja cha chai cha hamira ya keki, kijiko kimoja cha mdalasini, nusu kijiko cha kungumanga na karafuu kidogo zilizosagwa, kisha uchanganye polepole. Matunda yaje mwisho, yakiwa yamechujwa na kunyunyiziwa unga mkavu ili yasizame chini. Anayetaka rangi nyeusi aunguze vijiko vitatu vya sukari kwenye sufuria mpaka vitoe moshi, aongeze kwa uangalifu robo kikombe cha maji ya moto, aache vipoe na avitie kwenye unga.

Sasa moto. Weka mchanga mkavu, kimo cha vidole viwili, ndani ya sufuria kubwa nzito, ifunike na uipashe kwenye jiko la mkaa dakika 15. Keki iwe katika sufuria ndogo iliyopakwa siagi na kutandikwa karatasi. Iweke juu ya mchanga, funika sufuria kubwa, kisha hamishia makaa mengi juu ya mfuniko na ubakize machache sana chini. Hapo ndipo wengi tunapokosea. Keki yangu ya kwanza ilikuwa mkaa upande wa chini na uji upande wa juu, kwa sababu nilitegemea moto wa chini kama ninayepika maharage. Usifunue kwa dakika 50 za mwanzo, na keki nzito kama hii itahitaji kama saa moja na nusu; ikichomwa katikati kwa kijiti kikatoka kikavu, imeiva. Jiko likae barazani au uani, kamwe lisikae ndani ya chumba kilichofungwa, kwa maana hewa ya mkaa huua mtu bila kunuka. Keki ikishapoa kabisa, ivingirishe kwenye foili na uifungie kwenye bati au friji. Usiionje.

Hatua ya sita: kadi, simu na kupatana

Wanaokumbuka kadi za Krismasi watakumbuka pia uzi uliovutwa kutoka ukuta hadi ukuta sebuleni, kadi zikaning'inizwa juu yake zikiwa zimefunguliwa kidogo, na mgeni akasoma nani amewakumbuka mwaka huo. Andika kadi tano au sita kwa mkono, kwa watu ambao ujumbe wa simu uliosambazwa kwa watu 200 hauwatoshi, na uzitume mwanzoni mwa Desemba kwa posta au kwa mtu anayesafiri. Bibi na babu uwapigie asubuhi ya sikukuu wakiwa bado na nguvu za kuongea, na uwaache waongee.

Katika juma la tatu la Majilio, jiulize kama kuna mtu ambaye hamsemezani. Wachagga wana jani la isale ambalo aliyekosa humpelekea aliyemkosea, na kulikataa jani hilo ni jambo zito. Nyumbani kwako huenda hakuna isale, lakini kilo mbili za sukari na hodi ya jioni hufanya kazi inayokaribia hiyo. Nimeliweka jambo hili katika mwongozo wa sikukuu kwa sababu za kivitendo kabisa: mtu mwenye ugomvi wa moyoni hata mishumaa humkera.

Na aliyefiwa mwaka huo asijilazimishe furaha. Apike chakula kimoja alichokipenda marehemu, awashe mshumaa mmoja zaidi ya ile minne, na jina litajwe mezani. Ukimya kuhusu marehemu siku ya sikukuu huwa mzito kuliko machozi.

Hatua ya saba: mkesha

Maliza usafi, kusuka nywele na manunuzi yote ifikapo tarehe 23, kwa sababu Kariakoo ya tarehe 24 humchosha mtu mpaka akalala kwenye ibada. Jioni ya tarehe 24 kula chakula chepesi, vaa, nenda kanisani mapema upate kiti, na ukirudi usilale papo hapo. Weka kwenye chupa, kabla ya kutoka, chai ya maziwa yenye iliki na tangawizi, na sahani ya vitumbua iliyofunikwa. Kile kipande cha usiku, nguo nzuri zikiwa bado mwilini, viatu vikiwa vimevuliwa, mji umetulia kuliko usiku wowote wa mwaka na taa za mti ndizo pekee zinazowaka, ndicho ninachokisubiri kuliko mchana wa Krismasi wenyewe. Keki ikatwe hapo. Kipande kimoja kimoja tu.

Hatua ya nane: siku yenyewe

Mwalike aliyebaki mjini, si kwa kumhurumia, bali kwa kuwa meza ya mtu mmoja haina kelele. Kila jengo lina muuguzi aliyepangiwa zamu, mwanafunzi aliyekosa nauli na mlinzi ambaye geti halimruhusu kwenda kokote. Mwambie kila mgeni, wiki moja kabla, alete kitu kinachotajwa kwa jina: wewe matikiti, wewe kachumbari, wewe barafu. Mlinzi apelekewe chakula chake kwenye hotipoti kikiwa cha moto kabla wageni hawajaanza kula.

Majirani Waislamu ambao walikuletea pilau siku ya Idi wanastahili sahani yao. Ikiwa ni kuku wa kienyeji, mwombe jirani mwenyewe au kijana wake aje amchinje asubuhi ili chakula kiwe halali kwao bila maswali. Na usipike nyama hiyo katika sufuria iliyopikiwa kitimoto. Sahani ifunikwe kwa kitambaa safi, na usiogope ikichelewa kurudi, kwa sababu sahani ya jirani hairudi tupu.

Baada ya chakula acha saa mbili bila ratiba. Anayetaka kusinzia asinzie mkekani, anayetaka karata acheze. Televisheni ikiwashwa, mazungumzo yatakufa, na ninalisema hili nikijua kwamba kuna mpira.

Hatua ya tisa: usiitupe tarehe 26

Kalenda ya Kanisa haiishii jioni ya tarehe 25. Epifania, sikukuu ya mamajusi waliomtembelea mtoto Yesu, huadhimishwa tarehe 6 Januari, ingawa katika makanisa mengi sherehe yake husogezwa hadi Dominika. Tarehe 26 kula viporo, tembelea mgonjwa au nenda ufukweni asubuhi kabla ya umati. Siku zinazofuata bakiza jambo moja tu kila jioni, iwe ni taa za mti, kipande cha keki au wimbo mmoja.

Tarehe 6 shusha kila kitu. Zungushia taa kwenye kipande cha boksi gumu ili mwakani usikae saa nzima ukifumua mafundo, funga mishumaa iliyobaki kwenye gazeti, na juu yake weka karatasi ya kumbukumbu. Ya kwangu ya mwaka uliopita inasomeka hivi: sukari ya keki ilizidi, nunua mishumaa sita, minne haikutosha, jirani wa ghorofa ya pili hali nyama ya ng'ombe, kitambaa kiende kwa fundi Oktoba.